Riziki wa Sange, Aliyenifagia Mguu

Neema alinipigia simu Jumanne, saa ya mchana, nikiwa jikoni nachambua sambaza, dagaa wa ziwa letu. Ni mtoto wa kwanza wa Riziki, wa kule Sange, na hakuzunguka: “Maman Faida, mama alituacha jana asubuhi.” Nilikaa juu ya kigoda na bakuli mapajani. Aliniambia misa ni Jumamosi, na kwamba padri ameomba marafiki wa marehemu watume maneno ya kusomwa. “Kidogo tu, Maman. Dakika mbili.” Kwenda mwenyewe haikuwezekana, barabara ya bonde la Ruzizi imefungwa tena, na hata ingekuwa wazi magoti yangu yasingevumilia siku nzima ndani ya gari. Mume wangu aliyesikia yote kutoka sebuleni akaja mlangoni na kuuliza kwa sauti ya upole, lakini nilimjua: “Riziki, si ule mwenye alikupigaka Uvira?” Ndiyo, nikamjibu, ni yule, na ukicheka leo utakula bugali bila mboga. Hakucheka. Alinipa mkono nikasimama.

Nilikaa mbele ya karatasi mpaka chai ikapoa. Maneno ya dakika mbili sikuyapata. Mwanamke huyu alinishinda mara mbili mbele ya watu, akanifundisha kitu ambacho shule zote nilizopita hazikunifundisha, halafu nimweke kwenye dakika mbili? Haiwezekani. Nilimtumia Neema mistari mitatu ya heshima, na haya mengine nayaandika hapa, kwa urefu ninaoutaka mimi. Nilizaliwa wapi na baba yangu alifanya kazi gani, hiyo haina kazi kwenye habari hii. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mkanda wa marron, yaani wa kahawia, kiunoni, na nilitaka kitu kimoja tu: kwenda Kinshasa na timu ya karate ya jimbo letu. Kwa wasichana wa uzito wangu palikuwa na nafasi moja, ya yule atakayeshinda mashindano ya Uvira mwisho wa mwaka. Mimi nilikuwa nimeshajiona ndani ya ndege. Hata nguo ya kupandia nilikuwa nimeichagua.

Klabu yetu ilifanyia mazoezi kwenye sale, ukumbi wa parokia, juu kidogo ya soko la Nyawera hapa Bukavu. Sakafu ilikuwa ya simenti nyekundu, ikisuguliwa nta na wamama wa usafi kila Ijumaa, na kila Ijumaa sisi tuliteleza na kuanguka. Kabla ya kuanza tulibeba mabenchi na kuyapanga ukutani, na harufu ilikuwa ya mishumaa iliyozimwa na vitunguu vilivyokuwa vikipanda kutoka sokoni. Chumba cha pili kilikuwa cha kwaya ya wamama, na kati yetu na wao palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba. Wao wakifika juu kabisa kwenye wimbo, sisi ndio tunapiga ukelele wa mapigo. Siku moja kiongozi wao alifungua mlango, kitabu cha nyimbo kifuani. “Maître, batoto yako banapiga kelele sana. Bwana Yesu atasikia nani?” Maître Déo, mwalimu wetu, akamjibu bila kugeuka: “Atasikia bote, maman. Ako na masikio mbili.” Na kupitia ukuta uleule niliwahi kuwasikia wakinizungumzia mimi. “Huyu mubinti wa mukanda wa marron, nani ataoa mutu mwenye anajua kupiga teke?” Mwingine, sauti nene ya alto, akajibu: “Mutu mwenye anajua kukimbia.” Walicheka mpaka wakashindwa kuendelea na wimbo. Nilikasirika wiki nzima, kisha nikaanza kuona kwamba jibu halikuwa baya.

Maître Déo mchana alifundisha fizikia kwenye shule ya sekondari, jioni alitufundisha sisi. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ndogo, na sijawahi kumsikia akipiga kelele. Kombe na medali hakuzikataa, alizitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, pamoja na mwavuli wake. Lakini alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwenye klabu nyingine hapa Bukavu wala mahali pengine. Jumatatu baada ya kila mashindano, kila aliyepigana alisimama mbele ya wote na kufundisha pigo alilopigwa. Si lile alilopiga. Aliyeshindwa alifundisha lile lililomshinda, mguu kwa mguu, mpaka wadogo walifanye vizuri. Aliyeshinda alifundisha lile lililomsumbua zaidi. Maître alikaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, na swali lake lilikuwa lilelile: “Umetuletea nini?” Sisi vijana tuliona ni adhabu, tena adhabu ya kuaibisha. Leo naangalia mashindano ya watoto, wazazi wamesimama na simu zao wanapiga video ya ushindi, mtoto akishindwa video inafutwa hapo hapo, na natamani Maître angekuwa kwenye benchi lile awaulize.

Mashindano ya kwanza ya mwaka ule yalikuwa hapa hapa mjini, na fainali nilikutana na msichana wa Sange ambaye hakuna aliyemjua. Alikuwa mwembamba, miguu mirefu, kimono yake imegeuka rangi ya udongo wa bonde, mikono ya kimono imeishia chini kidogo ya viwiko. Nilimwangalia na kusema moyoni, huyu ni kazi ya dakika moja. Silaha yangu ilikuwa ngumi ya mkono wa nyuma, ile inayotoka kiunoni. Nilimsubiri aje, akaja, nikaipiga. Niliisikia ikigusa kifua chake, safi, na nyuma yangu watu wangu wa Nyawera wakalipuka. Basi nikageuka. Niliwageukia wao na kuinua ngumi juu. Sasa, katika karate pointi haipo mpaka mwamuzi aseme “yame”, yaani simama. Alikuwa hajasema. Na ukimpa mpinzani mgongo kabla ya neno hilo, waamuzi hawahesabu pigo lako hata lingekuwa zuri namna gani, kwa sababu mtu aliyegeuza mgongo ameshatoka kwenye pigano. Mimi nilijua sheria hiyo tangu mkanda wa njano. Nilichokiona baada ya hapo ni taa ya darini. Miguu ilikuwa imeondoka chini yangu, na ngumi ya Riziki ilikuwa imesimama juu ya pua yangu bila kuigusa. Mwamuzi akainua mkono upande wake. Imekwisha.

Waliniibia. Hiyo ndiyo habari niliyoitangaza siku zilizofuata, kwa muuza vitunguu, kwa vijana wa moto, wale wa pikipiki, pale kituoni, kwa kila aliyekuwa na masikio. Niliisema vizuri mpaka nikaiamini. Jumatatu ikafika, nikasimama mbele ya wote, na Maître akauliza: “Faida, umetuletea nini?”

“Nimeleta wizi, Maître.”

Watu wakacheka. Maître alingoja kicheko kiishe. “Sawa. Tufundishe ule wizi. Alikufagia na muguu gani?”

“Wa kuume.”

“Papy anasema wa kushoto.” Papy alikuwa mkubwa wetu, mkanda mweusi, mdomo usiofungwa. “Alikuwa karibu ama mbali? Alikushika mukono kwanza, ama hakukushika?”

Sikujua. Nilisimama kwenye simenti ile nyekundu na sikujua. Nilikuwa nimeangalia watu, sikumwangalia aliyekuwa ananiangusha. Maître hakunigombeza. Alisema tu, kama mtu anayetaja saa ya basi: “Uvira utaenda siku utatufundisha hii balayage. Mbele ya hapo, hapana.” Balayage ndiyo tuliyoita pigo la kumfagia mwenzako mguu. Kisha akamwita mwingine.

Nilitoka pale na hasira tele, na kusema kweli hasira ile ndiyo iliyonifaa. Nilimwambia Papy anifagie kila jioni mpaka nipate lile lile. Kila mtu aliyekuwa ukumbini siku ile alikuwa na toleo lake, huyu anasema kisigino, huyu anasema unyayo, na mimi nikianguka kwa kila toleo na kuamka. Nilipodhani nimelipata nilimwita Maître. Aliangalia mara mbili. “Hii ni ya Papy,” akasema. “Tunaijua. Minataka ya ule mutoto wa Sange.” Miezi ilikuwa inakwenda. Kinshasa ilikuwa inakwenda nayo.

Jumapili moja alitualika kula kwake, mlimani, nyumba ya vyumba vitatu ambayo ukikaa sebuleni unasikia kila kinachosemwa jikoni. Kulikuwa na bugali, maharagi yenye mafuta mengi, na mboga ya lengalenga. Nilikuwa nimeinama juu ya sahani, na jikoni nikamsikia mke wake, Maman Générose, akisema kwa sauti aliyodhani ni ndogo: “Déo, unamunyima mutoto Kinshasa ju ya balayage moja?” Yeye akajibu kitu ambacho nimekibeba mpaka leo: “Simunyime Kinshasa. Mutu mwenye anapigana na bantu benye kuangalia, akifika kule atapigana na bantu wengi zaidi. Nani atamusaidia?” Sufuria ikafunikwa. Kisha Maman Générose: “Alhamisi niko naenda Sange kuchukua muchele. Minaenda naye. Aulize mwenyewe.” Maître akacheka, mara ya kwanza kumsikia. “Aulize nani? Mupinzani wake?” “Sasa nani mwingine mwenye anajua?” Alikuwa mfanyabiashara wa mchele, Maman Générose, mtu wa kuulizia bei kwa mwenye mali, si kwa majirani. Mimi sebuleni nikarudisha tonge kwenye sahani. Kwenda kumwomba yule? Afadhali niolewe na mwenye kujua kukimbia. Lakini Alhamisi alfajiri nilikuwa juu ya lori lake, nimejifunga kitenge kichwani kwa sababu ya vumbi.

Tulishuka milima polepole, lori likinusa ukingo wa barabara, na baridi ya Bukavu ikabaki juu. Kamanyola tulinunua ndizi, na joto likanipiga usoni. Sange tulifika mchana. Maman Générose alijua nyumba, maana familia ya Riziki ilikuwa ya wakulima aliokuwa akinunua mchele kwao. Uwanja wao wote ulikuwa umefunikwa na turubai, na juu ya turubai mpunga ulikuwa umetandazwa ukauke. Riziki alikuwa katikati ya mpunga ule, peku, anaukoroga kwa miguu kama wanavyofanya kule, ili wa chini uje juu upate jua. Aliniona. Hakushangaa sana, au alificha.

“Wewe ni ule wa Bukavu,” akasema, “mwenye anasalimiaka bantu katikati ya vita.”

Nilitaka kupanda lori nirudi. Lakini nikasema: “Nimekuja unionyeshe ile balayage.”

“Ju ya nini?”

“Mwalimu wangu haniachilii kwenda Uvira mpaka niifundishe.”

“Donc mi nikufundishe, kisha uende Uvira unishinde nayo?”

“Ndiyo,” nikasema. Ningesema nini kingine?

Mama yake, aliyekuwa anapepeta chini ya kibaraza, akasema bila kuinua kichwa: “Kama munataka kucheza, chezeeni mule ndani ya mupunga. Niko na kazi, sina haja ya benye kusimama.” Riziki akacheka. Aliniambia nivue viatu na kukunja suruali. Tulikoroga mpunga ule mpaka jua likaanza kushuka, na kwa muda mrefu hakusema lolote juu ya karate, alisema tu “usinyanyue muguu, utamwanga mupunga”, kwa sababu nilikuwa nabeba mguu kama wa kuku na punje zinaruka. Mguu hauinuki. Unateleza chini, unyayo umelala, vidole vimekunjwa kidogo, na uzito wako wote uko kwenye mguu mwingine kabla hujaanza kusogea. Nilipoanza kuweza, alisimama mbele yangu na kuniambia nimpige ngumi. Nilimpiga, na hapo, ndani ya mpunga, mguu wake wa kushoto ukaja kwa mwendo uleule wa kukoroga na kuondoa mguu wangu. Hakunishika. Hakutumia nguvu. Alingoja tu uzito wangu uhame. “Ule siku,” akasema, “uligeuka. Mutu akigeuka, uzito wote unaenda kwa muguu moja. Hata mutoto angekuangusha.” Nilikuwa nimelala chali, mpunga umeingia kwenye nywele na ndani ya shati, na kwa mara ya kwanza nikajua jinsi nilivyoshindwa. Si kwamba ilipendeza. Lakini ilikuwa yangu sasa, naweza kuishika.

Alitaka malipo, na alikuwa na haki. Alitaka ngumi yangu ya mkono wa nyuma. “Ile ilinigusa,” akasema, “iliniuma siku nyingi. Arbitre hakuihesabu, lakini mi niliihesabu.” Neno hilo lilinifanyia kitu. Mimi nilikuwa nimelia Bukavu nzima kwamba pigo langu limeibwa, na huyu alikuwa amelitunza kifuani. Basi nilimwonyesha yote, hata yale madogo niliyokuwa nawaficha wenzangu wa klabu: jinsi kiuno kinavyotangulia, jinsi bega linavyobaki limelala ili mtu asione. Sikumpunguzia. Sijui kwa nini. Nadhani ningeona haya kumdanganya mtu aliyekuwa ananitoa mpunga kichwani. Jioni tulikula mchele mpya na ndagala, dagaa wa kule, tumekaa kwenye mkeka, Maman Générose na mama yake wakibishana juu ya gunia moja lililolowana. Mchele ule ulikuwa na harufu ya majani. Riziki alikula haraka, akaniuliza kama Kinshasa kuna joto kama Sange. Nikamwambia sijui, nikifika nitamwambia. “Ama mimi nitakuambia,” akasema, akachukua ndagala ya mwisho.

Jumatatu nilifundisha. Wadogo waliangukiana kwenye simenti, kwaya ikaimba upande wa pili, na Maître alisimama kutoka kwenye benchi, jambo ambalo hakulifanyaga, akaniambia nimfagie yeye. Nilimfagia. Aliamka, akapangusa suruali. “Hii ni ya Sange,” akasema. Miezi iliyobaki nilifanya kazi kama punda. Asubuhi kabla ya shule nilipanda ngazi za mlimani mara nyingi kadiri pumzi ilivyoruhusu, jioni nilikaa baada ya wengine kuondoka. Nilikuwa bado nataka Kinshasa, tena zaidi. Asiniambie mtu kwamba ukipata hekima unaacha kutaka kushinda. Nilitaka kumshinda Riziki kuliko nilivyotaka kula. Kilichobadilika ni kwamba sasa nilimtaka awe mzima, amelala vizuri, amekula, na amejiandaa. Nilisikia uvumi kwamba ameumia goti nikakosa raha siku mbili, mpaka Maman Générose aliporudi na mchele na kusema ni uongo.

Uvira ukumbi ulikuwa wa shule, madirisha wazi, joto la ziwa likiingia. Fainali ilikuwa yetu, kama nilivyojua. Tuliinamiana, na safari hii sikujua hata nani amekaa upande gani. Tulikuwa sawa, pointi kwa pointi, muda umebaki mchache, nilipoingia kwa nguvu na yeye akaingia kwa nguvu. Ngumi yake haikusimama pale inapotakiwa kusimama, kabla ya uso. Ilinipata mdomoni. Nilisikia jino likitikisika, na damu ikamwagika juu ya kimono. Mwamuzi akasimamisha. Riziki alikuwa ameshika kichwa chake kwa mikono miwili, na nilijua hakukusudia, mimi ndiye niliyemwendea. Lakini sheria ni sheria: ukimpiga mwenzako namna ile na yeye hawezi kuendelea, wewe unatolewa na yeye ameshinda. Mganga wa mashindano, kijana mwenye miwani, akapiga magoti mbele yangu na pamba. “Unaweza kuendelea?” akauliza. Kisha chini kwa chini, kwa huruma ya kweli: “Ukisema hapana, inaisha hapa hapa. Hakuna mutu atakulaumu.”

Na nyuma yangu nikamsikia Papy. “Faida, lala. Lala chini, tunaenda Kinshasa.” Wengine wakaidaka, watu wangu wote waliokuja kwa lori kutoka Bukavu, wakapiga makofi nayo: lala, lala, lala. Walinipenda, ndiyo maana walisema vile. Na sitawafanya wajinga, kwa maana mimi mwenyewe niliifikiria. Ilikuwa haki yangu kwa sheria. Neno moja tu, na ndege, na nguo niliyoichagua. Maître alikuwa amekaa kwenye kiti chake pembeni na sikumtazama, makusudi, maana sikutaka jibu litoke usoni kwake. Nilimtazama Riziki. Alikuwa amesimama kwenye mstari wake, amegeuka mgongo kama sheria inavyotaka mwenzako akitibiwa, na mabega yake yalikuwa yamekwisha kukubali. Alikuwa ameshashindwa, pale, na hakuna aliyemshinda. Hilo lilinikasirisha. Sikupanda lori mpaka Sange, sikukoroga mpunga wa watu, sikuamka alfajiri miezi yote ile, ili nimshinde mtu yule kwa kusema neno moja kwa mganga.

“Ninaendelea,” nikasema. Ilitoka na damu. Mganga akauliza tena, nikarudia, na makofi yakafa.

Tukarudi katikati, na hapo nikakutana na kitu kibaya zaidi kuliko ngumi. Riziki alikuwa ananiogopa. Si mimi, mdomo wangu. Alikuwa ameonywa, pigo lingine la namna ile angetolewa, na pia nadhani aliumia moyoni kuniona vile. Ngumi zake zilikuwa zinasimama mbali, mkono mzima kabla ya kunifikia. Alirudi nyuma. Ningeweza kumpata, alikuwa wazi kama mlango wa kanisa siku ya Jumapili. Ningepiga, ningeshinda, na ningekuwa nimempiga mtu asiyekuwepo. Nikashusha sauti na kumwambia: “Riziki, nipige. Kama haunipige, toka.” Mwamuzi akanisikia, akanipa onyo kwa kuongea. Haki yake. Lakini Riziki alikuwa amesikia pia. Alivuta pumzi, nikaona uso wake ukirudi mahali pake, na nikafurahi, nisifiche, nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa.

Akaja. Mguu wa kushoto ukateleza chini, ule ule wa turubai, na mimi niliuona unakuja, niliuona wote, nikainua mguu wangu na ukapita hewani. Ukumbi ukapiga kelele. Na wakati kelele zile zinaanza, kiuno chake kilitangulia, bega limelala, na ngumi ya mkono wa nyuma ikanifikia kifuani, ikasimama pale pale inapopaswa kusimama. Ngumi yangu. Aliipiga vizuri kuliko mimi. Mwamuzi akasema yame, mkono ukaenda upande wake, na mimi nilikuwa bado namwangalia yeye.

Nyuma ya ukumbi palikuwa na bomba lisilotoa maji, na Riziki alikuwa amekuja na bidoni ya maji. Alinimiminia, nikasukutua, nikatema damu, nikalia. Nililia kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimepoteza kitu nilichokitaka mwaka mzima na sikuona sababu ya kujifanya. Alifunga bidoni, kisha akauliza: “Ju ya nini haukulala?”

“Wewe ungelala?”

Alifikiri kweli kweli, bidoni mkononi. “Sijui,” akasema.

“Mimi pia sikujuaka.”

Alikwenda Kinshasa, akashindwa mapema, akarudi akaniambia kuna joto lakini si kama la Sange. Tulipanga kupigana tena mwaka uliofuata. Mwaka uliofuata barabara ilikatika, halafu aliolewa, halafu mimi nikaingia chuo na goti langu likaharibika, halafu watoto, na vita vya watu wengine vikaja vikachukua miaka. Tulipigiana simu sikukuu zote. Tulisema kila mara tutaonana, na mara mbili tatu tulionana, mama wawili wanene wakila kuku na kuzungumzia ada za shule. Papy ananiambia mpaka leo kwamba nilitupa Kinshasa. Kinshasa nimefika, Papy, kwa kazi za ofisi, mara nyingi nisizozihesabu, nikapanda ndege na kushuka, na hakuna hata safari moja ninayoikumbuka vizuri. Lakini kusimama mbele ya Riziki, yeye akinijia kwa nguvu zake zote na mimi nikimngoja kwa zangu, kulikuwa kumebaki mara moja tu, na hakuna aliyetuambia. Ningelala siku ile, Jumanne hii ningekuwa namlilia mtu ambaye sikumalizana naye. Namlilia, ndiyo, tangu Jumanne sijaacha. Lakini tulimaliza.